Tepi ya Ng'ombe Ndani ya Begi Lako

Nafula mwanangu,

Salamu sikuandikii. Kesho asubuhi tutakunywa chai pamoja kabla hujapanda gari la Bungoma, na hapo ndipo nitakusalimia. Nakuandikia kwa sababu nimeona kitu. Umeenda mjini kusukwa nywele ukaniachia nguo za kupiga pasi, nami nikasema wacha hili sweta la kijani niliweke chini kabisa ya begi ili lisijikunje. Nikaingiza mkono, nikagusa kitu kimeviringwa ndani ya soksi. Nikadhani ni mshipi. Kumbe ni tepi yangu ya kupimia ng'ombe!

Weh, Nafula! Jana nimeitafuta hiyo tepi mpaka nikamsingizia mbuzi. Nilitaka kumpima yule mtamba mweusi, nikapekua zizi, nikapekua stoo, nikapekua mpaka ndani ya debe la chumvi, na wewe ulikuwa umekaa jikoni ukichambua sukuma, macho makavu, unaniambia, "Labda imeanguka huko zizini, Mama." Ati zizini! Na mimi nikarudi zizini mara ya pili kama mjinga.

Nimecheka peke yangu hapa chumbani kwako. Halafu nimekaa kitandani, kicheko kikaisha, maana najua ni kwa nini umeichukua. Unaogopa kwamba ukishaondoka, Bwana Simiyu atapiga simu kutoka Bumula kuulizia chatu wetu, nami nitatoa tepi pale kwenye msumari, nitaingia kule kwa Shangazi, na yatakuwa yale yale ya mwaka ule. Hukutaka kuniambia usoni kwamba huniamini. Ukaona heri uniibie.

Haya, basi tuongee. Mambo ya kufua na kufunga milango sikuambii, hayo unayajua, na usiyoyajua dada ya baba yako atakufundisha kwa sauti ya juu ukifika kwake. Ila chunga kitu kimoja. Usithubutu kumwambia shangazi yako Robai kwamba huku Kitale tuna nyoka mwenye cheo chake. Baba yako ndiye aliyempa hilo jina, siku alipomleta akiwa mdogo, hazidi urefu wa mkono wako. Alimweka ndani ya kasha, nyoka akaenda kwenye kona yenye joto, akajikunja, akatutazama sisi wote kama tumekosea kitu. Baba yako akasema, "Huyu ni dada yangu Robai kabisa. Amekuja kutembea na haondoki." Akawa Shangazi tangu siku hiyo.

Na kweli hakuondoka. Baba yako alipofariki, nyoka wengine wote aliokuwa akiwafuga tuliwarudisha kwa watu wa wanyamapori, kwa sababu mimi ni mtu wa ng'ombe, nyoka nilikuwa nawaogopa. Shangazi alibaki kwa sababu wewe ulilia. Ulikuwa bado unavaa yunifomu ya shule ya msingi. Ulikaa mbele ya mlango wake, ukasema kama Baba ameenda na Shangazi anaenda, basi na wewe unaenda. Kibali kikabadilishwa kikaandikwa jina langu, nami nikajikuta mama mjane mwenye ng'ombe wanne na chatu mmoja. Watu wa kanisani walikuwa wakija kunifariji wanasimama nje ya geti.

Sasa nikurudishe kwa ile siku. Unaijua, lakini unaijua nusu.

Unakumbuka Bwana Simiyu alivyokuja na pikapu yake, amevaa kofia ya majani, na rafiki zake wawili. Alikuwa na yule dume wake huko Bumula, naye alikuwa amesikia kuna jike Kitale. Akasimama kwenye kioo cha nyumba ya Shangazi, akamtazama kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliye sokoni, "Mama Nafula, hii nyoka yako ni ndefu kuliko kitanda changu. Kwani bado? Ama ni tasa?" Wale rafiki zake wakacheka. Hata yeye mwenyewe nadhani alikuwa anatania tu. Lakini mimi masikio yaliwaka moto, nikasikia maneno yananitoka kabla sijayafikiria. "Hakuna tasa kwangu. Leta dume wako wiki ijayo."

Wewe ulikuwa umeingia ndani, umeweka kiganja mgongoni mwa Shangazi. Ukasema polepole, "Bado, Mama. Urefu anao, lakini ni mtoto. Tulimlisha haraka."

Tulimlisha! Heshima yako hiyo. Ni mimi niliyemlisha haraka. Wewe ulikuwa chuoni, unarudi likizo tu, na mimi nilikuwa nampa sungura kama mtu anayenenepesha nguruwe wa Krismasi. Niliona anameza, nikafurahi. Mama akiona mtoto anakula vizuri haulizi zaidi.

Nami nikaenda kuleta tepi. Miaka yangu yote nimepima mitamba kwa hiyo tepi. Unaizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unasoma kilo, zikifika unamwita mtu wa mbegu, kwisha. Majirani kutoka huku mpaka Kiminini wananiita niwapimie. Kwa hivyo nikaingia kwa Shangazi na tepi yangu, kichwa kimenivimba, nikatafuta miguu ya mbele. Hakuna. Nikaona aibu kidogo, nikafunga tu pale katikati palipokuwa panene, nikavuta, nikasoma. Nikasema, "Si unaona? Huyu amefika kitambo."

Ukaniambia, "Mama, hapo umepima sungura."

Na ilikuwa kweli! Alikuwa amemeza sungura juzi yake. Nilikuwa nimempima sungura ndani ya nyoka kwa tepi ya ng'ombe, na nikatoa hukumu. Leo nacheka mpaka mbavu zinauma. Siku ile nilikujibu vibaya. Nilikwambia diploma yako haijanifundisha mimi kitu, na kwamba nilikuwa nazalisha wanyama kabla hujazaliwa. Ukafunga mlango wa Shangazi vizuri, ukaenda kukamua.

Kuna jambo lingine la siku ya dume kuletwa, na hili hukuliona kwa sababu ulikataa kuja kutazama. Mimi nilikuwepo. Shangazi alijibana ukutani. Mkia aliuficha chini ya mwili wake, akaukalia kabisa, na kila dume aliposogea, yeye alisogea kona nyingine mpaka kona zikaisha. Niliona, Nafula. Nilijua ninachokiona, kwa sababu hata mtamba ambaye hajafika hukataa vivyo hivyo, na mtamba huwa namsikiliza. Bwana Simiyu akasema ni aibu ya kwanza, zitazoeana. Nami nikakubali neno lake kwa sababu lilinifaa.

Yaliyofuata unayajua. Mayai machache, laini, ya manjano, viza yote. Halafu Shangazi akabaki amevimba upande mmoja, hatulii, hapumui vizuri, na wewe ukapapasa ukasema kuna yai limekwama. Asubuhi hiyo ndiyo tuliyomtia ndani ya sanduku la mbao, tukalifunga juu ya pikapu ya kuazima, tukaelekea Bungoma kwa Daktari Amina, kwa sababu wewe ulikuwa umesikia chuoni kwamba yeye haogopi nyoka.

Na yule askari wa kizuizi cha barabarani kabla ya Webuye! Mpaka leo nikimkumbuka nashika tumbo. "Mmebeba nini huko nyuma?" Na mimi, roho mkononi, sijalala, nikajibu tu, "Ni Shangazi." Akaona lile sanduku refu. Akavua kofia. "Poleni sana, mama. Mnampeleka nyumbani?" Wewe ukafungua mdomo umweleze, na hapo ndipo Shangazi akagonga ubao kwa ndani, puu! Yule kijana aliruka mpaka ng'ambo ya barabara. "Endeni! Endeni tu!" Tulipofika njia panda ya Misikhu... hapana, Misikhu tulikuwa tumeshaipita, tazama, hata leo nikiandika nachanganyikiwa. Ninachokumbuka ni kwamba tulicheka huku tunalia, nawe ulikuwa umenishika goti.

Daktari Amina alitupokea nyuma ya kliniki yake, adhana ya adhuhuri inaita msikitini pale karibu. Alifanya kazi bila haraka. Maji ya vuguvugu, mafuta, sindano ndefu ya kunyonya lile yai lipungue, halafu kusubiri, halafu kusubiri tena. Wewe ulishika kichwa cha Shangazi muda wote na hukubadilisha mkono. Yai lilipotoka, Daktari akanawa, akapapasa ule mwili mzima taratibu, akauliza, "Nani aliamua kwamba huyu amefika?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikakutazama. Nilijua unaweza kunielekezea kidole tu, na ningestahili.

Ukasema, "Tuliamua."

Sijawahi kukushukuru kwa hilo neno. Nilirudi nalo mpaka Kitale, nikakaa nalo hiyo miezi yote Shangazi alipokataa kula, anakonda, ngozi inalegea, na wewe unamwekea madumu ya maji moto ndani ya magunia kila stima ikipotea. Hukunilaumu hata siku moja. Heri ungenipigia kelele. Mimi kelele nazijua, ningejibu, tungemaliza. Kimya chako ndicho kilichonisumbua.

Sasa nikuambie ile nusu usiyoijua, na ukimaliza kuisoma usije ukanihurumia, mimi sipendi kuhurumiwa.

Kabla wewe hujazaliwa, nilikaa na baba yako miaka sita bila mtoto. Nilikuwa msichana mdogo tu, nimeolewa Bumula, kwa kukhu wako, mama ya baba yako, Mungu amrehemu. Kukhu hakuwa mtu mbaya. Alinipa kuku wake mweupe siku niliyofika. Lakini kila tulipotoka Kitale kwenda kumwona alikuwa ananipokea pale langoni kwa kunikumbatia, na akinikumbatia mikono yake inashuka, inashika kiuno, inapima. Mbele ya watu wote. Halafu anarudi nyuma hatua moja, ananitazama usoni, anauliza, "Kwani bado?" Basi. Hakuongeza neno. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wanainamisha vichwa. Nami naenda kubeba maji, kwa sababu mtu akibeba maji hakuna anayemwangalia machoni.

Nilikunywa dawa za miti za kila rangi. Niliombewa na kila mchungaji. Usiku nilikuwa najipima mwenyewe kiuno kwa leso, kuona kama kimeongezeka. Na kuna mwaka mmoja baba yako, ambaye ulimjua kuwa mtu wa maneno machache, alisimama pale langoni kabla kukhu hajanikumbatia, akamshika mama yake mikono yote miwili, akasema, "Bado, Mama. Tukifika tutakwambia wenyewe." Akanichukua, tukageuka, tukarudi Kitale siku hiyo hiyo bila hata kula. Njiani alinunua mahindi ya kuchoma, tukala tukitembea. Sijawahi kupumua vile maishani mwangu. Wewe ulikuja baadaye, kwa wakati wako, mvua kubwa inanyesha, ukapewa jina la mvua.

Kwa hivyo umeelewa. Bwana Simiyu aliposema "Kwani bado? Ama ni tasa?" hakumsema nyoka masikioni mwangu. Alinisema mimi pale langoni. Na mimi, badala ya kujibu alivyojibu baba yako, nikachukua tepi nikawa kukhu. Nikamfanyia nyoka wa watu kitu nilichokuwa nimekichukia miaka sita. Nilipokuwa nakujibu vibaya siku ile nilikuwa najua moyoni, lakini mdomo ulikuwa umeshatoka mbio. Hilo ndilo lililonifunga ulimi wakati wote huu, zaidi ya lile yai.

Haya, sasa limetoka. Nasikia kifua chepesi. Nimekwenda kuweka maji ya chai, nimerudi.

Nikuambie nilichojifunza kwako mara hii ya pili. Bwana Simiyu aliporudi kuuliza, ulimwambia asubiri mwaka mzima na zaidi, akakasirika, ukamkaribisha chai. Nikakuuliza, "Sasa utajuaje amefika, bila kupima?" Ukasema utapima, ila si kwa tepi tu. Ukanichukua ndani, ukanishika mkono, mimi ninayeogopa, ukaupitisha mgongoni mwake. Uti wa mgongo usichongoke kama paa la nyumba, ukasema, wala usididimie katikati ya mafuta. Ukanionyesha kule karibu na mkia, mahali mafuta yanapojificha mnyama akilishwa na mtu kama mimi. Ukanionyesha gamba alilojivua, limetoka zima kama soksi. Ukasema anakula bila kukosa, kukonda kumekwisha, na miaka yake sasa imeukuta mwili wake. Halafu ukasema, "Na bado yeye mwenyewe hajasema."

Nikaguna. Nyoka aseme! Lakini baridi ya Julai ilipoingia, nikiwa natoka kukamua, nilimwona jioni baada ya jioni anatembea, anapanda gogo anashuka, ulimi haulali. Mimi ndiye niliyekuita. Unakumbuka? Nilikuita nikiwa na ndoo mkononi, "Nafula, kuja uone, huyu leo anatafuta kitu!" Na dume alipoletwa ulisimama mlangoni na ile fimbo yako yenye ndoano, tayari kumtoa kama Shangazi atajibana. Hakujibana. Alijinyoosha wee, mkia wazi, ametulia tuli. Bwana Simiyu akasema, "Si niliwaambia!" Ukanikanyaga mguu nisimjibu. Ahsante kwa hilo pia, maana nilikuwa na jibu.

Na wiki iliyopita, mwanangu! Sijui kama ulinitazama, ulikuwa umepiga magoti kule ndani. Lile yai la kwanza lilipochanika, kikatoka kipua kidogo kama ncha ya penseli, kikakaa hapo kinaonja hewa ya Kitale, nililia mpaka maziwa yakamwagika. Mayai meupe, yenye afya, na Shangazi amejizungushia hapo, amekonda lakini macho yake yana nguvu. Mimi nilikuwa sijapumua vizuri tangu alipotaga. Kila usiku nilisema, hili nalo litaharibika, na kosa litakuwa langu. Na jana alipomchukua sungura wake wa kwanza, wewe ukapiga kelele "Amekula!", nilikaa chini hapo hapo kwenye nyasi zenye umande. Uliniuliza kama ni mgongo. Haukuwa mgongo. Ilikuwa furaha.

Limebaki jambo moja gumu, na nitalisema haraka kabla hujarudi.

Siku ile ile ya lile yai, Daktari Amina alipomaliza kunawa, alikuuliza kama umemaliza chuo, na kama ungependa kufanya kazi naye. Uling'aa uso mzima. Na mimi nikajibu kabla yako. "Bado. Bado ni mtoto, hajakomaa na kazi." Alipiga simu tena baada ya mavuno, nikasema bado. Akapiga tena, nikasema ng'ombe wananishinda, bado. Ona sasa kichekesho. Nyoka ambaye hakuwa amefika nikasema amefika, na wewe uliyekuwa umefika, uliyemshika yule mnyama kichwa adhuhuri nzima bila kutetemeka, nikakwambia bado. Ng'ombe hawakuwa wakinishinda. Niliogopa hii nyumba ikibaki na mtu mmoja. Niliogopa pia kwamba ukienda kazini kwa Daktari Amina utakaa kwa Robai hapo Bungoma, kama unavyokwenda kukaa sasa, na Robai ni binti ya kukhu.

Atakupima, Nafula. Sikudanganyi. Si kwa ubaya, anakupenda, atakupikia kuku kila Jumapili mpaka uchoke. Lakini siku utakayofika atakukumbatia na mikono itashuka, halafu atakuuliza utaolewa lini, na kwani bado, na binti wa fulani ameshapata wa pili. Wapo wengine huko watakaosema vivyo hivyo, na wengine watasema umechelewa kazi, na wengine kwamba umeiwahi mno. Mimi sitakupa jibu la kuwajibu. Nimekosea pande zote mbili, sina haki ya kukuchagulia saa. Nakuambia tu kwamba mimi nilikaa miaka sita nikidhani ile mikono ilikuwa inajua kitu kunihusu ambacho mimi sikijui. Haikuwa inajua.

Na kuhusu kile unachokiogopa, tulia. Asubuhi ya leo, ulipokuwa unaoga, Bwana Simiyu alipiga simu. "Mama Nafula, hongera bana! Sasa Julai nilete dume tena, si ameshazoea kazi?" Na nitakuambia ukweli, mkono wangu ulikwenda wenyewe pale ukutani kwenye msumari. Mazoea ni kitu kibaya. Msumari ulikuwa mtupu, nikabaki nimeushika hivyo hivyo kama mtu anayetundika koti.

Nikamwambia, "Bado."

"Bado nini tena? Si amekula?"

"Amekula mara moja. Mwaka huu ni wa kula na kulala. Mwakani tutamtazama, naye atasema mwenyewe. Na siku hiyo atakayesoma dalili ni Nafula, si mimi wala wewe."

"Lakini Nafula si nasikia anaenda?"

"Anaenda Bungoma, haendi mbinguni. Gari zipo."

Akacheka, mimi pia nikacheka, tukaagana vizuri. Nilisema hivyo kabla sijajua tepi imekwenda wapi, na ningependa uliamini hilo, lakini hata usipoliamini leo sitakasirika. Njoo tu mwisho wa mwezi umpapase mgongo mwenyewe.

Nasikia geti. Ni wewe au ni mtu wa maziwa, kwa hivyo namaliza.

Tepi sijaitoa. Nimeirudisha ndani ya soksi yake, nimeweka sweta juu, na barua hii naiweka katikati. Mtamba mweusi nitampima kwa tepi ya jirani. Robai akikukumbatia pale mlangoni na mikono ikaanza kushuka, wewe simama tu, mwache apime, halafu ujibu utakavyo. Tepi yenyewe unayo wewe.

Ni mimi mama yako, ambaye kesho atakubebea hili begi mpaka barabarani, na atajifanya hajui kuna nini ndani.